Kusema na Kumsema: Lugha ya Ukatili wa Kisaikolojia dhidi ya Wanawake na Wasichana katika Ukanda wa Geita na Shinyanga

Ikisiri

Ukatili wa kisaikolojia hutendwa kwa sehemu kubwa kupitia lugha, lakini mjadala kuuhusu umeachiwa zaidi wanasheria na maofisa wa ustawi wa jamii. Makala haya yanafafanua jinsi maumbo ya kisarufi na ya kileksia ya Kiswahili na Kisukuma yanavyoubeba ukatili huo katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga. Mifano inayochambuliwa ni tuhuma za uchawi dhidi ya wanawake wazee, desturi ya chagulaga inayowakabili wasichana, na masimango ya ndani ya ndoa. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya ukatili huu haimo katika ukali wa tusi, bali katika kauli zinazomficha msemaji. Sheria inamtafuta msemaji mwenye jina na jeraha linaloonekana, ilhali sarufi ya tuhuma haitoi lolote kati ya hayo mawili.

Utangulizi

Si rahisi kumpata mwanamke wa Katoro au Nyarugusu atakayefika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kueleza kwamba ametendewa "ukatili wa kisaikolojia". Atasema, "Wananisema." Atasema, "Ananitesa kwa maneno," au "Nimechoka kusimangwa." Istilahi rasmi imeshuka kutoka juu. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1993 kuhusu kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake liliweka madhara ya kisaikolojia sambamba na ya kimwili na ya kingono. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, ikafuata mkondo huohuo. Kutoka huko dhana ikaingia katika mipango ya serikali, ukiwamo Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu kama MTAKUWWA, ulioanza kutekelezwa mwaka 2017/18.

Istilahi yenyewe ina mambo mawili yanayostahili kuangaliwa. Kwanza, neno katili lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuua. Mzungumzaji wa leo haisikii tena maana hiyo, ingawa kivuli chake kimebaki: neno ukatili linapotajwa, picha inayokuja haraka ni ya damu, na kivumishi kisaikolojia huonekana kama kinaipunguza picha hiyo. Pili, baadhi ya waandishi hupendelea ukatili wa kihisia. Istilahi hiyo ni nyepesi kutamka, lakini inapotosha kidogo, kwani inadokeza kwamba madhara yanaishia kwenye hisia. Mwanamke aliyeitwa mchawi huumia moyoni, ndiyo. Lakini pia hukosa mtu wa kumsaidia kulima, hukosa jirani wa kumwazima chumvi, na mara nyingine hukosa mahali pa kulala.

Utafiti wa kitaifa kuhusu hali ya afya na uzazi umekuwa ukilikabili tatizo hili kwa njia ya vitendo. Moduli yake ya ukatili wa majumbani haimwulizi mwanamke kama amepatwa na ukatili wa kisaikolojia. Humwuliza kama mwenzi wake amewahi kumdhalilisha mbele ya watu, kama amewahi kumtishia yeye au mtu aliye karibu naye, na kama amewahi kumtukana au kumfanya ajione duni. Yote matatu ni matendo ya usemi. Hata hivyo, yote matatu yanamhusu msemaji mmoja anayejulikana, naye ni mwenzi. Katika ukanda unaojadiliwa hapa, sehemu kubwa ya maneno yanayomwangamiza mwanamke hayana msemaji wa namna hiyo.

Ukanda na lugha zake

Mkoa wa Geita ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Ndiyo maana takwimu za zamani kuhusu vijiji vya Geita hupatikana chini ya jina la Mwanza, na za Bukombe chini ya Shinyanga. Wasukuma ndio wengi, pamoja na Wasumbwa, Wazinza na Walongo. Mgodi mkubwa wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, na zaidi ya huo machimbo ya wachimbaji wadogo, vimevuta watu kutoka Kigoma, Kagera, Mara na mbali zaidi. Kwenye makarasha na sokoni watu huongea Kiswahili. Nyumbani kijijini huongea Kisukuma. Tuhuma hupita kati ya lugha hizo mbili bila kusimama mpakani, na inapopita hubadilika sura.

Kitenzi sema na yambwa yake

Kiswahili kina msamiati tajiri wa kumwumiza mtu kwa maneno: kusimanga, kusuta, kukejeli, kubeza, kutweza, kufyoza, kuapiza, kusengenya. Kila kimoja kina eneo lake. Kusuta huhitaji ana kwa ana. Kusengenya huhitaji mhusika asiwepo. Kusimanga huhitaji fadhila iliyotangulia. Lakini kitenzi kinachotumika zaidi kuliko vyote hivyo ndicho chepesi kuliko vyote: sema.

Bila yambwa ya mtu, kusema ni kutoa maneno tu. Anasema kweli, anasema Kiswahili. Mara kiambishi cha yambwa kinachomrejelea mtu kinapoingia, maana hugeuka: ananisema haina maana ya kwamba anaongea nami. Maana yake ni kwamba ananikaripia au ananizungumza vibaya. Kwa mazungumzo ya kawaida Kiswahili hutumia njia nyingine, kama vile anasema nami au ananiambia. Kwa hiyo lugha imetenga nafasi maalumu ya kisarufi kwa ajili ya mtu anayegeuzwa kuwa kitu cha kusemwa, na hakuna haja ya kutaja kilichosemwa. Mwanamke anayesema "wananisema" amekwisha kutoa taarifa kamili, ingawa ofisa anayemsikiliza anaweza kuendelea kusubiri aambiwe kosa ni lipi.

Hatua inayofuata ni kauli ya kutendwa. Bibi yule anasemwa. Hapa mtenda ameondoka. Kisarufi angeweza kurudishwa kwa kihusishi na: anasemwa na majirani. Katika uvumi harudishwi. Aghalabu hupatikana pia inasemekana na wanasema, ambapo kiima wa- hakimrejelei mtu yeyote anayeweza kuitwa na kuulizwa. Ukimwuliza msemaji, "Wanasema akina nani?" atajibu, "Watu." Zaidi ya hapo hakuna.

Nogi na macho mekundu

Kisukuma kina nogi, wingi wake balogi, na bulogi kwa uchawi wenyewe. Ni mzizi uleule wa Kibantu unaoonekana katika vitenzi vya Kiswahili kuloga au kuroga na nomino mlozi. Nogi, kama mlozi, ni nomino ya mtenda. Kumwita mtu hivyo si kumpa sifa mbaya tu, kama vile kumwita mchoyo au mkaidi. Ni kudai kwamba kuna tendo lililotendeka na kwamba yeye ndiye aliyelitenda: mtoto aliyekufa, ng'ombe waliokauka maziwa, duara lililokataa kutoa dhahabu. Tukiliweka hilo pamoja na kauli ya kutendwa, tunaona mgawanyo wa ajabu. Anayesemwa ndiye pekee aliyepewa utendaji katika sentensi nzima. Wanaosema, ambao ndio wanaotenda, hawamo.

J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alionesha kwamba kuna kauli ambazo kuzitamka ni kutenda, ilimradi atamkaye awe na mamlaka yanayotambuliwa. Hakimu anapotamka hukumu, mtu anakuwa mfungwa. Tuhuma ya uchawi ni kauli ya aina hiyo, ila mamlaka yake yamegawanywa mpaka hayana mwenyewe. Mganga mpiga ramli mara nyingi hataji jina. Huonesha upande, jinsia, umri, ujirani: mwanamke mzee, si wa mbali, ana macho mekundu. Mteja ndiye anayelijaza jina, tena kimoyomoyo. Anaporudi nyumbani haambii mtu kwamba fulani ni mchawi. Anasema tu kwamba "mganga ameona". Polisi na vyombo vya habari nchini wameipa kazi hii jina linaloielewa vizuri, ramli chonganishi, na mwanzoni mwa mwaka 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali iliwapiga marufuku waganga wa aina hiyo na kuwakamata zaidi ya 200 katika mikoa ya kaskazini-magharibi, Geita ikiwamo.

Macho mekundu yenyewe yana maelezo yasiyo ya siri. Ni macho ya mtu aliyepika miaka hamsini juu ya mafiga katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni mbichi, mabua ya pamba au kinyesi cha ng'ombe pale misitu ilipokwisha. Alama ya kazi ya mwanamke imesomwa kama alama ya kosa lake. Wanaume wazee hawasomwi hivyo kwa wepesi uleule, kwani hawakai jikoni.

Matokeo yamekuwa makubwa. Uchunguzi wa Simeon Mesaki kuhusu Usukuma uliweka wazi kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa sababu zinazohusiana na uchawi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ikatokea katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mesaki aliyahusisha na kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970: zamani aliyesemwa aliweza kuhama na kujenga kwingine, lakini katika kijiji cha pamoja alibaki mbele ya macho ya waliomsema. Edward Miguel, katika utafiti wake wa mwaka 2005 uliohusu Meatu, wilaya iliyokuwa wakati huo mkoani Shinyanga, alionesha kwamba mauaji hayo huongezeka maradufu katika miaka ya ukame au mafuriko. Njaa inapobisha hodi, mdomo wa ziada hutafutiwa jina.

Tafiti hizi zinahesabu waliokufa, na hapana budi zifanye hivyo. Lakini kwa kila aliyeuawa wako wengi wanaoishi ndani ya tuhuma bila kufikiwa na panga, na kwao hakuna hesabu. Ukatili wanaotendewa una mwendo wake. Huanza na salamu. Kwa Wasukuma kutoitikia mwangaluka ya asubuhi au mwadila ya mchana si usahaulifu; ni kauli. Kisha watoto huacha kutumwa kwake. Chakula anachopeleka msibani hakiliwi. Mazungumzo hukatika anapofika kisimani. Baadaye huweza kuja barua isiyo na jina, inayompa siku za kuondoka. Mpaka hapo hakuna mkono uliomgusa, na mwanamke huyo halali tena. Anajua waliotangulia walipita njia hii hii. Ukimya, katika muktadha huu, ni tendo la usemi lililo kamili kuliko tusi, kwa kuwa tusi humpa mtu nafasi ya kujibu.

Hata lugha ya wanaomtetea haiko salama. Mauaji ya vikongwe ndiyo ibara iliyozoeleka magazetini na katika hotuba. Kikongwe, kama kizee, kimewekwa katika umbo la ngeli ya ki-/vi-, ngeli ya vitu na ya udunishaji, ingawa upatanisho wa kisarufi humrudishia ubinadamu wake: kikongwe yule ameuawa. Neno hilo si tusi, na wengi hulitumia kwa huruma. Lakini linamwacha marehemu akiwa umri tu, bila jinsia, na hivyo kuficha kwamba anayezungumziwa ni zaidi mwanamke, mara nyingi mjane mwenye shamba. Shamba si jambo dogo hapa. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa CEDAW iliiona Tanzania kuwa na hatia ya kukiuka haki za wajane wawili walionyimwa mirathi kwa misingi ya sheria za kimila za Kisukuma. Pale mila inapomnyima mjane haki, tuhuma haihitajiki. Pale anapoing'ang'ania haki yake, tuhuma huwa njia ya mkato.

Sheria inayomtafuta mtaja

Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ilitungwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza mwaka 1928 na bado imo katika vitabu vya sheria vya Tanzania. Miongoni mwa makosa yanayotajwa humo ni kumtaja mtu kuwa mchawi au kumhusisha na uchawi nje ya kutoa taarifa kwa mamlaka. Kwa maneno mengine, ukatili wa kisaikolojia wa aina hii ulikwisha kufanywa jinai kabla dhana yenyewe haijapata jina. Ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru anayeshukiwa kuwa mchawi akaishi kwingine, jambo ambalo kwa mwanamke wa kijijini halina tofauti kubwa na barua isiyo na jina.

Udhaifu mkubwa zaidi ni wa kiisimu. Sheria inahitaji kitenzi taja chenye kiima. Kijiji kinatumia semwa kisichokuwa na mtenda. Mganga hakutaja; mteja hakutamka; majirani waliacha tu kusalimia. Nani ashitakiwe? Kanuni ya Adhabu nayo, katika kifungu cha 89, inakataza lugha ya matusi inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani. Kinacholindwa hapo ni utulivu wa umma, wala si utu wa aliyetukanwa. Bibi anayenyamaza kwa hofu hajavunja wala hajasababisha kuvunjwa kwa amani yoyote.

Chagulaga

Mfano wa wasichana unaonesha sarufi ya aina nyingine, ambayo haimfichi msemaji bali inaficha shuruti. Chagulaga ni umbo la kuamuru la Kisukuma lenye maana ya "chagua". Vijana wanaume humzingira msichana njiani, gulioni au usiku baada ya ngoma, na kumwambia achague mmoja wao: chagulaga, mayu. Mayu ni mama, neno la heshima kwa mwanamke. Tukiisoma kauli hiyo kwa maana yake ya juu, msichana amepewa heshima na amepewa hiari. Kilichoondolewa ni jibu moja tu, nalo ni hapana. Akikataa kuchagua hufukuzwa, hutukanwa, hushikwa, na wapo waliobakwa.

Watetezi wa desturi hiyo huikumbuka kama mchezo wa uchumba wa zamani, uliofanyika mbele ya macho ya jamii inayojuana. Huenda. Katika mji wa machimbo, ambako vijana wanaozingira hawajulikani ni wa nani na msichana hana ukoo wa kumwitikia, kauli ileile haina tena mipaka iliyowahi kuizuia. Madhara yake hayaanzi siku ya kukamatwa. Msichana aliyesikia neno hilo mara moja hubadilisha njia ya shule, husubiri wenzake, huacha kwenda gulioni. Kitenzi kimoja kimechora upya ramani ya kijiji chake. Na endapo atachagua ili asidhurike, atakuja kuambiwa kwamba alichagua mwenyewe.

Masimango na mkosi

Ndani ya ndoa ukatili wa maneno hurudi kwa msemaji mmoja anayejulikana. Silaha yake kuu ni simango, yaani fadhila iliyogeuzwa deni. Mahari ya ng'ombe, ambayo wazazi waliielewa kama heshima kati ya koo mbili, hurudishwa mezani kama stakabadhi: ng'ombe wangu waliliwa kwenu. Anayeambiwa hivyo kila siku hana la kujibu, kwani ng'ombe waliliwa kweli. Simango halihitaji uongo, na hapo ndipo linapouzidi usengenyaji.

Machimboni neno ni mkosi. Katika maeneo mengi ya wachimbaji wadogo imani ingalipo kwamba mwanamke, hasa aliye katika siku zake, akikaribia duara, dhahabu hupotea. Mwanamke anayeosha marudio au kuuza chakula huambiwa ana mkosi, na kwa neno hilo moja hupoteza nafasi yake ya kazi. Hakuna anayemwita mchawi. Bado.

Maneno yaliyoandikwa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inabainisha, katika kifungu cha 66, kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Kuhusu adhabu ya maneno kifungu hicho kiko kimya. Lakini katika masharti ya talaka sheria hiyohiyo inautambua ukatili wa kiakili kando ya ukatili wa kimwili kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Mwanamke analindwa dhidi ya maneno, ila wakati wa kutoka. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, swali la neno gani litumike kwa dhana hiyo limekuwa la kila siku: kiakili huelekea kwenye ugonjwa, kihisia kwenye udhaifu, kisaikolojia kwenye utaalamu asiokuwa nao mlalamikaji.

Hata hivyo, uteuzi wa istilahi ni tatizo dogo kuliko lile la kuandika maelezo. Aliyepigwa hupewa Fomu Na. 3 ya polisi, ambayo daktari huijaza kwa kueleza majeraha. Aliyesemwa hana cha kujaziwa. Kinachobaki ni maelezo yake, na maelezo hayo hupitia mikono miwili: ya mkalimani, pale mlalamikaji anapoongea Kisukuma tu, na ya mwandishi anayeyafupisha kwa Kiswahili cha kiofisi. Mwanamke anaeleza kwamba jirani zake wameacha kuitikia mwadila yake tangu mazishi ya mtoto fulani, kwamba juzi mtu alitamka bulogi alipokuwa akipita, na kwamba hakugeuka kumtazama. Katika daftari huandikwa: mlalamikaji anadai kutukanwa na watu wasiojulikana. Salamu haimo, mazishi hayamo, neno lenyewe halimo. Laiti mwandishi angeliandika neno kama lilivyotamkwa, kwa lugha iliyolitamka, na kuuliza maswali mawili tu, lilitamkwa baada ya msiba upi na nani aliacha kusalimia kwanza, daftari lingekuwa na tarehe, mahali na majina.